Yule Mama wa Kihispania Sebuleni Kwangu

Mimi niliachia shule darasa la sita, na nyumba yangu hapa Stechford ina vyumba vinne vya kulala. Naanza na hilo makusudi. Nilipofika Birmingham nililala sakafuni kwa rafiki kule Newtown, nikaanza kazi na ndoo moja, na leo nina magari matatu na vijana kumi na mmoja chini yangu. Tunasafisha nyumba za watu waliofariki. Nimefungua friji iliyojaa mabuu. Nimebandua zulia lililogandishwa na mkojo wa paka. Siku moja tu ndiyo nilitaka kutapika, nayo ilikuwa Jumamosi mchana, sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya watu waliovaa suti.

Picha iliyoleta hayo niliitoa nyumba moja ya Sparkbrook. Mwana wa marehemu aliniambia niitupe pamoja na magodoro, lakini mimi jicho ninalo. Nikampelekea mzee mmoja anayejua vitu vya kale. Akasema ni ya Hispania, karne ya kumi na tisa, imechorwa kwa rangi ya mafuta, mchoraji hajulikani. Mama mmoja wa watu wenye nafasi, gauni jeusi la hariri, lesi kichwani ikishuka mabegani, kipepeo cha kujipepea kimefungwa mkononi, midomo myekundu kama ameulizwa kitu na anakataa kujibu. Niliitundika juu ya meko, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kusikia habari zake.

Binti yangu alikuwa anainakili kwenye turubai lake la kuchorea. Ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapa. Mimi humwambia jambo kwa Kiswahili, yeye hunijibu kwa Kiingereza, na tumezoea hivyo. Kila jioni alikaa mbele ya yule mama na rangi zake. Ilikuwa kazi yake ya mtihani, ile itakayomwingiza chuo cha sanaa au imfungie mlango. Mimi nilimwambia kuchora hakujengi nyumba. Mama yake alinieleza kwamba gauni limeisha, lesi imeisha, mikono imeisha. Uso ameuacha mwisho kwa sababu ndio mgumu, na zimebaki wiki mbili. Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Jumamosi hiyo ushirika wa maombi wa nyumbani ulikuwa zamu yetu. Mzee wetu wa ushirika, mtu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikataa kukaa kiti cha chini ya picha. Akasema nyumba yenye mwanamke mgeni aliyewekwa juu kuliko mwenye nyumba haiwezi kutulia. Kina mama wakacheka. Mmoja akamgeukia mke wangu akamuuliza, "Na wewe dada, yako imetundikwa wapi, jikoni?"

Sasa, mimi nina desturi. Kochi au kabati nikilitoa nyumba ya marehemu, haliingii kwangu kabla halijaombewa na kupakwa mafuta. Mzee akakumbusha watu kwamba hii picha ilipita bila kuombewa, na aliyeipitisha ni mimi. Niliona aibu. Nikaenda jikoni mwenyewe nikaleta chupa ya mafuta ya zeituni.

Mzee akamchora yule mama wa picha msalaba kwenye paji la uso, kama mtoto. Lakini mzee ana mkono mzito. Mafuta yakamshuka machoni, yakapita shavuni, yakaingia kwenye lesi, yakadondoka juu ya meko. Alionekana kama maiti anayetoka jasho. Ilikuwa kinyaa, na wao wanaimba. Nikawaambia wasiguse tena, uchafu ndiyo kazi yangu.

Nikaleta ile dawa kali tunayosafishia oveni, na kitambaa cheupe. Nilipopangusa mara ya kwanza kitambaa kikawa kahawia. Nikakiinua wakione, nikasema huo ni moshi wa sigara wa miaka mia, hakuna aliyewahi kumwosha huyu mama mpaka ameletwa kwangu. Wakashangaa. Nikapangusa tena, shavu likang'aa, nikajisifu tena. Nilipokiinua mara ya tatu kilikuwa na doa jekundu.

Nilidhani nimejikata. Nikatazama vidole vyangu, kisha nikamtazama yeye. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Nyuzi tupu za turubai, kama gunia.

Nikakunja kitambaa haraka. Mzee akasema amina, sasa yuko safi.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, ametoka kwenye basi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu asikie:

"Baba, uso nilikuwa sijauchora bado."

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi na mama yake. Yule mama wa utani akafurahi, akasema kumbe mtoto anakijua Kiswahili vizuri hivi. Halafu wakala. Mzee alikula chapati nne na vidole vile vile vya mafuta, na mimi nilikaa nikinusa mikono yangu. Mke wangu hakunipa sahani.

Walipoondoka nilikitupa kile kitambaa kwenye pipa la jikoni, chini kabisa, chini ya maganda ya viazi. Siku iliyofuata, nikirudi kutoka kanisani, nilimkuta binti yangu amekitoa. Alikuwa amekitandaza juu ya mgongo wa kiti, kinanuka dawa na viazi, na yeye anachanganya rangi nyekundu kwenye kisahani, anakitazama, anaongeza kidogo, anakitazama tena. Mdomo aliuchora kutoka hapo.

Niliingia kumwomba anipishe nikitoe, kwa sababu kilikuwa kinaninukia vibaya. Akaniambia kwa Kiingereza nisikiguse. Mimi niliyeshika mabuu kwa mikono mitupu, nilirudi nyuma.