Jirani wa Mwalimu Doreen

Gwen Thiessen hakuwa mtu wa kuogopa theluji. Mwanasaikolojia wa vijijini jimboni Saskatchewan akiogopa theluji, atafute kazi nyingine. Aliendesha gari lake kuukuu kutoka mji hadi mji katikati ya mashamba ya ngano, koleo na blanketi nyuma ya kiti, akaenda kuwasikiliza watu wakimwaga ya moyoni. Wengi walikuwa watu wa aina yake: wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake, watoto wa wakulima walioitwa wasichana tangu kuzaliwa nao wanajijua kuwa ni wavulana. Walimjia kwa sababu walisikia kwamba kwake huulizwi ugonjwa huu umekuanza lini. Kwake unaulizwa unapenda kuitwa nani, na nyumbani kuna nani anayekungoja. Kisha unapewa chai.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata mara moja. Siri ya mtu haikutoka kinywani mwake, hata kwa nia njema. Hasa kwa nia njema. Alipokuwa na miaka kumi na saba alimwambia mshauri wa shule kwamba anampenda msichana wa darasa lake. Yule bwana, mpole kwelikweli, akaona amsaidie mtoto. Akampigia simu baba yake Gwen ili familia ikae izungumze. Familia haikuzungumza. Baba alimtolea nguo zake barazani kwenye baridi, na hakumwita tena mwanangu mpaka anaingia kaburini. Ndiyo maana Gwen alipopata wanafunzi wa kuwafundisha kazi, neno la kwanza alilowaambia lilikuwa hili: mlango wa mtu hufunguliwa na mwenyewe, nyinyi kazi yenu ni kusimama karibu.

Sharti zuri. Ila sharti nalo huja siku likamgeukia mwenyewe, na la Gwen lilimgeukia mjini Brevik, mwezi wa pili, katika nyumba ya wazee.

Aliyemwita ni Marlys, muuguzi mkuu wa nyumba ile. "Njoo haraka, Gwen. Mwalimu Doreen hali chakula. Anagonga mlango mpaka vidole vinatoka damu. Huyu mama ndiye aliyenifundisha a, e, i, o, u. Nitampotezaje hivi hivi?"

Doreen Kozak alikuwa amefundisha nusu ya mji ule kusoma, na sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja. Hakuwa na mume wala mtoto. Ndugu wa damu aliyebaki ni mpwa wake Dwight, muuza matrekta, na nyumba ya wazee ilimsikiliza yeye. Jirani yake wa miaka mingi, Verna Pawluk, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa akija kila mchana kumlisha supu ya bitiruti. Wiki iliyopita Dwight aliingia na boksi lake la donati, akamkuta shangazi yake amemshika jirani mashavu, anambusu mdomoni, na si busu la salamu. Palepale akampiga Verna marufuku. Tangu saa ile Doreen hakula.

Gwen alimkuta ameketi dirishani, amevaa koti na kofia, mkoba mapajani.

"Unamngoja nani, Mwalimu?"

"Swali gani hilo? Amechelewa. Supu inapoa."

"Nani amechelewa?"

Doreen alitazama mlango, akashusha sauti. "Wewe ni mtu wa bodi ya elimu?"

"Hapana. Mimi ni Gwen."

"Wote husema hivyo," alisema Doreen, akafunga mdomo kama aliyefunga kabati kwa ufunguo. Gwen hakuhitaji zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye mtungi wa namna ile alikuwa ameuchota maisha yake yote. Alimwinamia akamwambia hakuna atakayemfukuza kazi. Doreen hakumsadiki.

Dirisha lile lilitazama maegesho. Chini kulikuwa na gari jeupe, injini inanguruma, na ndani yake bibi kizee mwenye skafu amekumbatia chupa ya supu iliyofungwa kwa taulo. Gwen alishuka, akagonga kioo.

"Wewe ndiye daktari wa akili?" aliuliza Verna alipomfungulia. "Ingia basi, utaganda. Wamekutuma uje unipime mimi?"

"Nimekuja kwa ajili ya Doreen. Hali."

"Hawezi kula kwa mkono wa mtu mwingine. Wanampa kijiko kikubwa, tena wanampa moto mno. Nimewaambia." Aliikaza taulo ya chupa. "Wamekwambia nini juu yangu?"

"Kwamba wewe ni jirani."

"Basi ndivyo."

Gwen hakubisha. Akakaa tu, hita inampulizia magoti, naye Verna akawa anatazama dirisha la juu. Baadaye, bila kuulizwa, yakaanza kutoka. Nyumba mbili zilizokabiliana jiko kwa jiko. Kijia cha katikati, ambacho theluji hata ikianguka namna gani kilikuwa kimezibuliwa kabla watu hawajaamka. Vitanda viwili, kimoja hakilaliwi. Na kiapo. Zamani zile mwalimu mwenzake Doreen alifukuzwa kwa uvumi tu wa mapenzi ya namna ile, akaenda kujitia kitanzi ghalani kwa baba yake. Usiku wa mazishi Doreen alimshika Verna mkono, akauweka juu ya picha takatifu aliyoachiwa na mama yake, akamwapiza: nikiwa hai, nikiwa mfu, usiseme.

"Nami sijasema," alisema Verna. "Hata kwa padri. Wewe ndiye wa kwanza, na sijui kwa nini nimekwambia."

"Ahsante kwa kuniambia. Halitatoka kwangu." Kisha Gwen akamweleza mambo yalivyo, kwa upole lakini bila kumficha. Marlys ameshasema: mwenzi wa maisha akijitokeza, mpwa anakaa pembeni. Neno moja tu. "Likitoka kwako nitasimama na wewe, leo na kesho, mbele ya Dwight, mbele ya wakili, mbele ya askofu akitaka kuja."

"Na wewe huwezi kulisema?"

"Ukinipa ruhusa, nitalisema sasa hivi."

Verna alitikisa kichwa. "Si langu kukupa. Ni la kwake. Alinikataza, naye hayupo tena wa kunifungulia kiapo. Nimuulize nani?"

Gwen alikuwa amesoma vitabu vyote vya kazi yake, na hakuna hata kimoja kilichomwandaa kwa swali lile. Alimwambia tu kwamba watu hula kiapo ili kumlinda mpendwa, na kwamba huenda leo ulinzi umehamia upande mwingine. Verna alisikiliza, akafuta kioo kwa glovu. "Nitakuja kwenye kikao," alisema. "Nitajaribu."

Walikaa wanne ofisini kwa Marlys siku ya pili yake. Dwight hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Gwen. Mtu mbaya unajua pa kumpigia. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Mimi sina chuki na Bi Verna," alisema. "Nimekula biskuti zake tangu sijaota meno. Lakini shangazi hana akili zake sasa. Mwenye akili zake anapomwacha mgonjwa afanye vile, hiyo si sawa. Angekuwa mzima angekufa kwa aibu."

"Shangazi yako amesahau mengi," alisema Gwen. "Ila nimekaa naye, na anajua anachotaka. Anamtaka Bi Verna. Bila yeye hali, na asipokula tutamzika kabla theluji haijayeyuka. Hiyo ndiyo kauli yangu ya kazi."

"Anamtaka kama nani? Mbona mnazunguka? Hata mbwa wangu akiugua humtaka anayempa chakula."

Marlys alikohoa. Gwen alihisi lile neno limemkaa ulimini, zito, limeiva. Angelitema tu, mama yule angepandishwa juu na supu yake ingali moto. Alilichukia sharti lake. Aliuchukia uadilifu wake wote, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akamwelewa yule mshauri wa shule aliyeinua simu. Akamgeukia Verna, akanyamaza kwa nguvu zake zote.

Dwight naye akageuka. "Bi Verna, hebu nisaidie, nakuomba. Wewe ni nani kwake?"

Verna alifungua mdomo. Vidole vyake vya kinanda vilitafuta kitu juu ya meza, visikipate. Mtu aliyesema neno moja maisha yake yote, dukani, kanisani, hospitalini, hawezi kujua ni lini ulimi ulikoma kumtii.

"Jirani," alisema. "Jirani tu, mwanangu."

"Basi," alisema Dwight, na sauti yake haikuwa na ushindi. "Jirani ataleta salamu za Krismasi kama majirani wengine."

Gwen aliomba kikao kingine. Aliomba Verna na Doreen wakae pamoja angalau kwa muda mfupi, mlango wazi, muuguzi akiwepo. Dwight alisema atafikiri, akavaa kofia. Marlys akawafungulia mlango, na huko ukumbini, kwenye kiti cha magurudumu, na koti lake, na mkoba wake, alikuwa Doreen.

Alimwona Verna. Uso ule uliokuwa umezimika wiki nzima ukawaka wote.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya darasani, ya kufika mpaka dawati la nyuma. "Umekawia wapi? Twende nyumbani."

Ukumbi mzima ulisikia. Mlinzi alisikia, wazee wa meza ya karata walisikia, Marlys aliziba mdomo kwa mkono. Miaka yote ile, na aliyekivunja kiapo ni mwenye kiapo.

Dwight alitikisa kichwa, machozi yamemlenga. "Mnaona wenyewe?" alimwambia Gwen. "Hajitambui kabisa, maskini."

Gwen alimtazama Verna. Sasa, alimsihi moyoni. Sasa, mama, amekufungulia yeye mwenyewe. Verna alipiga magoti mbele ya kiti, taratibu, magoti yake mabovu, akaishika mikono ile yenye majeraha. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Ni mimi, Doreen," alisema. "Ni Verna. Jirani yako."

Doreen alimchunguza. Ule mwanga usoni ukarudi nyuma, kidogo kidogo, ukaondoka. Akaitoa mikono yake mikononi mwa Verna, kwa adabu, jinsi mtu anavyojitoa kwa asiyemfahamu.

"Jirani?" alisema. "Mimi sikuita jirani. Niitieni mke wangu."

Marlys ndiye aliyeinama hatimaye, akamweka kofia vizuri, akamwambia lile wauguzi wanalowaambia wagonjwa wa namna ile ili watulie.

"Anakuja, Mwalimu. Mke wako yuko njiani, anakuja sasa hivi."

"Vizuri," alisema Doreen, akageuza macho kuelekea mlangoni, juu ya kichwa cha Verna.