Profesa wa Maganda

Kuna watu waliojaliwa mdomo wakanyimwa mikono, na shemeji wa mkemia mmoja alikuwa miongoni mwao. Jina la Profesa alijipachika mwenyewe, mara tu aliposikia kwamba mke wa kaka yake anatengeneza dawa kwa takataka.

Takataka zenyewe ni maganda ya machungwa. Mke huyo, ndiye mkemia, alifanya kazi kwenye kiwanda cha juisi. Katika chumba cha nyuma, maganda yalikaushwa kwa moto mdogo, yakasagwa, yakalowekwa kwenye spiriti na kuchujwa, hadi ukabaki unga wa manjano hafifu, mchungu kama shubiri, ambao watengeneza dawa waliununua. Gunia zima hutoa unga wa kujaza kiganja tu. Moto ukizidi kidogo, kazi yote imeenda na maji. Ilimgharimu miaka kulijua hilo. Profesa alijiona amelijua kwa kikombe kimoja cha chai.

Akaokota maganda kwenye geti la kiwanda, akayatokosa ndani ya pipa nyuma ya nyumba ya mama yao mpaka yakawa uji, akatia sukari, akajaza chupa. Eti yanatibu presha, magoti, kisukari, na mume asiyetulia.

"Umeyachemsha kiasi gani, shemeji?" mkemia alimuuliza.

"Mpaka yakubali."

"Chochote cha maana kilichokuwemo umekiua. Umebaki na maji ya sukari."

"Wewe una sayansi ya vitabu. Mimi nina ya vitendo."

Mkemia alicheka, akanyanyua mkoba wake, akaondoka. Kubishana na mtu wa namna ile aliona ni kujishusha. Akamwacha na pipa lake, kama mtu anavyomwacha kichaa na marungu yake.

Ndivyo fundi cherehani wa nyumba ya pili, mgonjwa wa kisukari, alivyoweka vidonge kando na kushika chupa. Siku alipoanguka juu ya cherehani yake, majirani walimbeba juu ya kitanda mpaka hospitali.

Mkemia alimkuta na dripu mkononi, midomo imekauka.

"Nilidhani ni wewe uliyemfundisha shemeji yako," fundi alisema taratibu. "Nikasema basi, kitu cha mkemia hakiwezi kunidhuru."

Hapo mkemia aliliona kosa lake. Dharau yake, aliyoiona ni ustaarabu, ndiyo iliyomfumba mdomo wakati wa kusema.

Profesa naye akatokea, kanyoa ndevu, chupa kwapani. Hakuuliza hali. "Dozi ilikuwa ndogo," alimwambia mgonjwa. "Hii nimeikoleza."

Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilicholiwa na panya. "Iweke chini ya kitanda," alisema. "Nikitoka nitaoshea miguu."

Mkemia alitoka hospitali moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. Akazunguka nyuma ya nyumba, akalikuta pipa lingali vuguvugu, nzi wamelizingira.

"Mwanangu, mwachie mwenzio," mama mkwe alisihi. "Angalau siku hizi anaamka mapema."

"Mama, heri alale."

Akalipindua. Uji ule ulitiririka mtaroni ukinuka uchachu. Profesa alifika akihema, akasimama mikono kiunoni.

"Wivu huo, shemeji."

Mkemia alichukua chupa zilizobaki, akaanza kuzimimina, kisha akatoka kwenda kubisha hodi kwa kila jirani aliyekuwa na nyingine.