Chukua Kubwa

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kupiga picha ya kumaliza chekechea, hapa Jinja, kwenye studio moja ya vijana waliopaka nywele rangi. Hawa wa siku hizi hawakupi picha mlangoni. Walitukalisha kwenye sofa, wakatuletea soda, wakazima taa, kisha wakaanza kutuonyesha picha kwenye televisheni kubwa ya ukutani, moja moja, huku muziki laini ukipigwa. Nilicheka moyoni. Nikajisemea, vijana, mnadhani mmegundua ninyi? Lakini mpiga picha alipoinama akamwuliza binti yangu, "Sasa mtoto, wewe unapenda gani? Ambia mama akununulie," kicheko kilinikauka. Nilimshika mtoto mkono tukatoka hadi barazani, soda tukaiacha nusu. Baadaye nilirudi kuomba radhi, maana kijana wa watu hakuwa na kosa lolote.

Mambo yenyewe yalianzia Mbale, rafiki yangu, na kila nikiyakumbuka nasikia harufu ya tangawizi.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga upande wa Namatala, nasi tuliishi vyumba vya nyuma: yeye, bibi aliyemzaa, na mimi. Mama hakuwepo. Waliachana nikiwa sijui hata kufunga vifungo vya gauni, akarudi kwao Jinja, akawa anauza vitenge sokoni, na kwa desturi za kwetu mtoto akabaki upande wa baba. Majirani wakiniona nimekosea jambo walipenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwangu mimi ulimwengu haukupata nafasi. Nilifunzwa na bibi.

Bibi alikuwa Mnubi wa ukoo wa askari wa zamani, mama mfupi mwenye sauti ya amri, na akili yote ya biashara nyumbani mwetu ilikuwa kichwani mwake. Baba alijua kupiga picha na kuisafisha, ila kuiuza hakujua. Mtu akija kuchukua picha yake, baba alimkabidhi mlangoni ile ndogo aliyoagiza, akamshukuru, yakaisha. Bibi aliyatazama hayo kwa muda, akakasirika, akageuza kila kitu. Alimwamuru baba asitoe picha moja kwa moja. Kwanza atengeneze sampuli, yaani vipicha vidogo vya kila pozi, kisha mteja akirudi akaribishwe ndani, akae, achague mwenyewe ipi ikuzwe. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema bibi, na naapa sijakutana na mtu mwingine aliyeigeuza methali hiyo kuwa ya dukani.

Chumba cha kuchagulia kilikuwa katikati, baina ya studio na jiko. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kiti kikubwa chenye mito, pazia zito la kijani mlangoni, balbu moja, na harufu kali ya dawa za kusafishia picha iliyopenya kutoka chumba cha giza cha baba. Mteja akishakaa, bibi alivuta pazia, akamletea chai ya tangawizi na gurusa, ule mkate wetu mwembamba, ukiwa umetoka kwenye chuma cha kuokea sasa hivi. Chai ilikuwa ya moto kupita kiasi, na ilifanywa hivyo makusudi. "Aliyeshika kikombe hashiki mlango," aliniambia jikoni. Ndipo sampuli zilipoanza kutoka chini ya kitambaa kwenye sinia. Kwanza ile mbaya, mteja amefumba macho. Kisha ya wastani. Nzuri ilikuja mwisho, mtu akiwa ameshaanza kukata tamaa na sura yake.

Mimi nilikaa kwenye kigoda, goti kwa goti na mteja, bibi amesimama nyuma yangu. Picha nzuri ilipotoka, mkono wake ulitua begani kwangu. Ukitua, naanza: "Hii ndiyo inafanana na wewe kweli. Chukua kubwa." Maneno hayo hayo, kila siku ya Mungu. Na watu walichukua kubwa! Muuzaji ana lake, walifikiri, lakini mtoto mdogo namna ile atadanganya apate nini?

Namkumbuka afande mmoja aliyeingia na msimamo wake.

"Mimi nataka ile ndogo ya kitambulisho tu, mama. Niko na haraka."

"Afande, kaa kidogo," bibi alimjibu. "Chai iko tayari."

Akakaa. Akapuliza kikombe, akapuliza tena. Sampuli ya mwisho ilipotoka, amevaa kofia yake vizuri na kidevu kimeinuka, mkono ukatua, nami nikasema yangu. Afande alinigeukia akaangua kicheko. "Eh, huyu mtoto ni wakili!" Akaagiza kubwa mbili, moja yake na moja ya kupeleka kijijini kwa mama yake. Jioni ile bibi alinipakia asali kwenye gurusa, na nisikudanganye, nilijiona malkia.

Umalkia huo haukudumu. Nilipotoka madrasa, watoto wa mtaani walikuwa wanacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, uani nyuma ya nyumba, na mpira ulikuwa ukigonga ukuta wa kile chumba, du, du, mimi nikiwa ndani na gauni safi. Sikuruhusiwa kutoka. Nitachafuka, na mteja yuko njiani. Mteja alikuwa njiani siku zote, hata siku ambazo hakufika mtu. Mvua kubwa ikinyesha, wenzangu walikimbia kwenda kutazama maji meupe yakiporomoka kule juu mlimani Wanale; mimi nilisikia kelele zao zikienda mbali, nikabaki nahesabu maua ya mto wa kiti. Niliwahi kumwomba bibi nicheze mpaka sala ya Magharibi tu. Akanijibu kwa upole, "Ukitoka wewe, nani atauza?" Sikumwomba tena, maana nilikuwa nimeona jinsi picha zinavyouzwa, na nilijua anasema kweli.

Siku moja mwalimu wa madrasa alinigusa bega ili nisogee, nikasikia mdomo wangu umeshafunguka: "Hii ndiyo inafanana na wewe kweli." Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alicheka. Mimi niliogopa.

Mwaka ule, karibu na Idi, jirani yetu fundi cherehani aliniita dirishani kwake akaninong'oneza, "Mama yako anakuja. Anataka kukuchukua, ukasome Jinja." Nilimwambia anaongopa. Usiku sikulala kwa furaha.

Na kweli mama alikuja, akafikia kwa ndugu yake, mtaa wa Nkoma. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na alinukia udi. Siku ya Idi alikuja kwetu na kunivisha gauni jipya la manjano, akamwomba baba atupige picha, naye akakubali. Walipomaliza aliyasema mbele ya wote aliyokuja kuyasema. Baba alikuwa anafuta lenzi. Akafuta, akafuta, mwishowe akajibu, "Muulize mtoto mwenyewe. Akisema anataka kuenda, mimi sikatai."

Bibi hakubisha. Alisema tu kwamba mgeni haulizi maswali mazito akiwa amesimama. Sampuli zikiwa tayari arudi, anywe chai, aulize.

Siku zile za kungoja nilifanya mazoezi. Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikasema kwa sauti ndogo: nataka kwenda na wewe. Nataka kwenda na wewe. Sikuwa nimewahi kutamani kitu kwa namna ile, na sidhani kama nimewahi tena.

Mama akarudi. Alikaa kwenye kile kiti chenye mito, bibi akavuta pazia, akamshikisha kikombe. Baba alisimama mlangoni. Mimi nilikaa kigodani, kwa mazoea, hakuna aliyeniambia. Ikatoka sampuli ya kwanza, mama amefumba macho, akatabasamu kidogo. Ya pili tuko wawili, mimi nimetazama pembeni. Ya mwisho niko peke yangu na gauni la manjano, na nilikuwa nimecheka, kwa sababu siku ile ya Idi nilikuwa nafikiria Jinja.

Mama aliiweka karibu na balbu akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia. Hakumwuliza bibi, hakumwuliza baba.

"Mwanangu, angalia hii uso. Useme kweli. Huyu mtoto iko na raha hapa?"

Neno langu lilikuwa tayari kooni. Na mkono wa bibi ukatua begani.

"Iko na raha," nilisema. "Hii ndiyo inafanana kweli. Chukua kubwa."

Mama aliniamini. Nani hakuniamini katika chumba kile? Aliitika kwa kichwa mara kadhaa, akanibusu kwenye paji la uso, akamaliza chai yake yote, maana kuacha kikombe cha watu ni utovu wa adabu. Baba akamtengenezea kubwa. Kesho yake asubuhi akarudi Jinja nayo, imefungwa kwenye kitenge.

Nilimchukia bibi, nasema bila kuzunguka. Nilimchukia kwa muda mrefu, huku nikimpakia mafuta miguuni kila jioni. Mpaka leo sijui kama mkono ule ulikuwa wa biashara, wa mazoea tu, au wa mwanamke mzee aliyeogopa kubaki na mwanawe asiyejua kuuza. Sikumwuliza. Nilikaa kwenye kigoda kile mpaka magoti yangu yakawa juu kuliko ya wateja.

Sasa hakuna kilichobaki. Simu zilikuja, kila mtu akawa mpiga picha wake, na wateja wakakoma mmoja mmoja. Bibi tulimzika Mbale. Baba alimfuata. Filamu zake zote zilivujiwa na mvua zikagandamana, sura za nusu ya mji zimeshikana kuwa donge moja. Mahali pa studio wanauza makasha ya simu, na ukuta wa kile chumba umebomolewa, kuna mwanga tele, wala hutajua kwamba mtu aliwahi kufungiwa pale.

Mimi nilihamia huku nilipopata kazi, nimepanga Bugembe, na Jumapili nakwenda kwa mama. Tunapika, tunasimuliana habari za soko, mjukuu wake anapanda juu ya marobota ya vitenge. Ile picha imetundikwa sebuleni. Ndiyo picha pekee ya utoto wangu iliyobaki duniani. Kila mgeni akiingia husimama mbele yake, akasema, "Ala, huyu ni wewe? Ulikuwa mtoto wa raha kweli!"

Mama huacha kukunja kitenge alichoshika, ananitazama. Amezeeka sasa. Miaka yote hii ameishi juu ya jibu moja, na halali usingizi mzuri bila hilo.

"Ndiyo," namjibu mgeni. "Nilikuwa na raha sana."