Fundi Subiri na Ubao wa Mwanawe

Baba yangu mkubwa alikuwa akitengeneza zile mbao za kuteleza majini kwa tanga, katika chumba cha uani, na mji mzima ulimwita Fundi Subiri. Ubao ukipasuka hunywa maji, naye hakuuziba mpaka uyateme yote. Kila Ijumaa aliupima kwenye mizani. Uzito usiposhuka Ijumaa mbili mfululizo, ndipo alipochanganya gundi. Wenye mbao waliomjia juu aliwajibu, "Ukiziba maji ndani, umefuga ugonjwa." Ukaidi huo niliupenda, ingawa ulinichosha.

Mwanawe wa pekee alipasua pua ya ubao wake wiki tano kabla ya mashindano. Wakagombana. "Wewe baba utanisubirisha mpaka niote mvi," binamu yangu alisema, akaubeba kwenda kuuziba mwenyewe nyumbani kwake. Siku ya mashindano upepo ulikuwa mkali. Mlingoti ukang'oka kwenye ubao akiwa mbali na ufuo. Ubao ulipatikana siku ya tatu. Yeye hatukumpata hata wa kuzika.

Msibani, sebule ikiwa imejaa watu, Baba Mkubwa alisema, "Sikio la kufa halisikii dawa. Aliziba ubao haujakauka." Mama Mkubwa alisikia. Tangu siku hiyo akawa anamwekea mumewe chakula mezani na kuondoka. Mimi nilimwamini Baba Mkubwa, na mpaka leo naona haya.

Miezi saba baadaye aliniita nimshikie ule ubao. Alitaka kukifungua kiraka na kuutundika mlangoni, wenye haraka zao wajionee. Akakata. Vumbi likatoka kavu kama unga. Chini ya kiraka, kwenye povu gumu la ndani, binamu yangu alikuwa ameandika kwa penseli tarehe za Ijumaa mbili, na uzito ule ule mara mbili.

Baba Mkubwa aliusogeza ubao, akatazama tundu lilipong'okea shina la mlingoti. Hapo alikuwa amepatengeneza yeye mwenyewe mwaka uliotangulia. Akaibonyeza gundi ya ukingoni kwa ukucha, nayo ikabonyea.

"Dawa ya kuikaza niliipunja," alisema. "Hii kazi ni yangu."

Nilimfuata mpaka jikoni. Mama Mkubwa alikuwa anamenya vitunguu.

"Mke wangu, mtoto alisubiri. Aliyekosea ni mimi."

Mama Mkubwa hakuinua macho. "Najua alisubiri. Mizani alikuja kuazima kwangu. Hukuniuliza." Akachukua kitunguu kingine. "Waliokusikia msibani nao kawaambie."

Baba Mkubwa alilia pale pale bila kujificha. Kisha akavaa viatu, akaanza na nyumba ya jirani.