Kanga ya Mama Mlangoni mwa Gari

Siku hizi mtu akitaka kushusha kioo cha gari anabonyeza kitufe, na kikichelewa kidogo anaanza kulalamika. Gari letu la kwanza lilikuwa na kimkono cha kuzungusha, na kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, kilipanda kilipojisikia kupanda. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine mgodini Geita. Gari hilo dogo jeusi alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Injini aliifungua na kuifunga mpaka akaridhika nayo. Kuhusu kioo kila siku alisema, "Hicho nitakishughulikia."

Nilikwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza kwa wazazi wangu, Shinyanga. Mtoto alipopata nguvu, mume wangu akaja na gari kutuchukua, na mama akasema hawezi kumwachia msichana asiyejua kitu mtoto mchanga kiasi kile. Msichana asiyejua kitu nilikuwa mimi. Basi akafunga mzigo wake, tukaondoka wote.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wasukuma, enzi zile, mkwe wa kiume na mama mkwe walikuwa hawazoeani hata kidogo. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na maneno yao hupita kwa mtu mwingine. Tangu niolewe, mama na mume wangu walikuwa hawajawahi kuambiana jambo lolote ana kwa ana zaidi ya salamu, nayo ilitolewa kwa mbali huku kila mmoja akitazama kwake. Sasa walikuwa wanafungiwa kwenye kisanduku kimoja cha bati kwa safari ya kutwa nzima.

Mume wangu alikaa mbele peke yake. Mama na mimi tulikaa nyuma na mtoto. Kile kioo cha kuonea nyuma alikigeuza kikatazama paa, asije akakutana na macho ya mkwewe. Mama alikuwa amejitanda kanga mpya, zawadi aliyoletewa na mume wangu kwa ajili ya uzazi. Aliipenda sana, ila sifa za aliyeileta aliniambia mimi.

Jua lilipokuwa kali, mama akachukua pindo la kanga akalitundika juu ya kile kioo kibovu, upande wa nje, ili mtoto apate kivuli. Pindo jingine lilikuwa limefungwa fundo shingoni mwake. Tulikuwa tunakaribia Nyahanga, pale Kahama, lori la pamba lilipotupita na kutuachia vumbi jekundu. Mama akakamata kimkono akaanza kupandisha kioo. Kikasita. Mama alikuwa mtu wa kutwanga mtama tangu utotoni, mikono yake haikujua kubembeleza. Akazungusha kwa nguvu zote. Ndani ya mlango kitu kikalia "kah!", kioo kikaruka juu, kikaibana kanga kwenye fremu, na kimkono kikawa kinazunguka bure.

"Mwambie mkwe wangu asimame," mama akaniambia.

"Mama anasema usimame," nikamwambia mume wangu, ingawa alikuwa ameshasikia na ameshasimama.

Alishuka, akazunguka, akautazama mlango bila kumtazama aliyefungwa nao. Akanong'ona kwangu kwamba njia nyepesi ni kukata lile pindo kwa wembe.

"Mwambie," mama akasema, "akikata kanga hii aendelee na safari peke yake."

Nikampa shauri la kutoa kanga nyingine kwenye mizigo, ajifunike, aiache ile palepale mlangoni. Akakataa. Alijua akiiacha tu, wembe utatoka. Basi mlango ukafunguliwa polepole, na mama akashuka pamoja nao, hatua kwa hatua, kama mbuzi anayeongozwa kwa kamba. Nilificha uso kwa mtoto ili nisionekane nacheka.

Mume wangu akachuchumaa pembeni yake na bisibisi. Mama akageuza uso kuelekea tulikotoka. Kipini kinachoshikilia kimkono kikasukumwa kwa msumari kikatoka, skrubu zikafunguliwa, ubao wa ndani ukavuliwa. Humo ndani grisi ilikuwa imekauka na kuchanganyika na vumbi mpaka ikawa kama ukoko wa ugali. Utepe wa sufu ambamo kioo hupita ulikuwa umevimba na kujaa mchanga. Na kile kigurudumu kidogo kinachobeba kioo kilikuwa kimetoka kwenye reli yake, kioo kikakaa mshazari.

Alikwangua, akafuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, akaweka grisi mpya. Ila kukirudisha kigurudumu kulihitaji mtu wa kunyanyua kioo wakati yeye mikono yake iko ndani. Akaniita. Mimi nilikuwa nimekaa nanyonyesha, na kila nikimtoa mtoto anapiga ukelele wa kuuawa. Hapakuwa na mtu mwingine barabarani.

Kisha mama akamgeukia mkwewe.

"Nishike wapi, baba?"

Mume wangu akainama zaidi, akaujibu mlango, akimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Kiganja kimoja ndani, kimoja nje, mayu. Bana kioo. Pandisha."

"Hivi?"

"Kidogo tena. Hapana, upande wako umezidi."

"Upande wangu haujazidi, wewe ndiye unavuta chini!"

"Sivuti, mayu, nasukuma!"

"Basi acha kusukuma nipandishe!"

Wakaendelea hivyo, sauti zikipanda, mpaka mtoto akaacha kunyonya akawa anasikiliza. Mara kigurudumu kikaingia. Kioo kikakaa sawa, kikateremka chenyewe, na kanga ikaanguka begani mwa mama, nzima, ila na alama ya grisi upana wa kidole.

Ndipo wote wawili wakakumbuka wao ni nani kwa mwenzake. Mume wangu akashughulika na skrubu zisizohitaji kushughulikiwa. Mama akakung'uta kanga, akaitazama ile alama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Mume wangu alijizuia, mabega yakamsaliti, naye akaangua kicheko akiwa amechuchumaa mavumbini.

Kilichobaki ni kulainisha ule utepe wa sufu. Grisi ingekusanya vumbi upya. Aliniuliza kama tuna mshumaa, hatukuwa nao. Mama akatoa kapuni mche wa sabuni aliokuja nao kwa ajili ya nepi, akamkabidhi mkononi moja kwa moja. Mume wangu akausugua kwenye utepe, pande zote, na kioo kikawa kinapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Mama alikipandisha na kukishusha njia nzima mpaka nikamwomba apumzike.

Tulipofika Geita mvua ilikuwa inanyesha. Tulipoegesha mbele ya nyumba, majirani waliokuja kumwona mtoto wakasimama kwanza kulishangaa gari, maana mlango wa nyuma ulikuwa unatoa povu. Mama aliwaeleza bila kutabasamu kwamba gari la mkwe wake linajiosha lenyewe.

Pale nyumbani heshima ilirudi mahali pake. Walisalimiana kwa mbali, chakula kila mmoja alikula chumba chake. Lakini gari likiharibika, mama alitoka nje na kuuliza mwenyewe, "Leo nishike wapi, baba?"

Siku ya kurudi kwake mimi sikuweza kwenda, mtoto alikuwa na homa. Mume wangu alimpeleka. Baba yangu aliniambia baadaye kwamba aliwasikia kabla hajawaona, wakibishana na kucheka barabarani, vioo vyote vimeshushwa. Walipomwona amesimama uani wakanyamaza ghafla, mama akashuka, akaenda moja kwa moja jikoni bila hata kumuaga mkwewe.