Suti Ambayo Baba Hakutaka Kuivaa

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu Matiliku, na ukiniuliza kama bado kuna haja ya watu kuvaa rasmi mahali popote, nitakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Huwa ninakasirika nikiona mtu amekuja harusini na fulana. Kwetu mtu akienda tu hospitali kumwona mgonjwa, anaoga, anapaka mafuta, anavaa nguo ya Jumapili. Akienda benki ni hivyo hivyo. Hujaambiwa uvae, lakini unavaa ili yule unayemwendea ajue kwamba umemwendea kweli.

Ndiyo maana ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi ng'ambo, alipotuma ujumbe kuhusu safari ya meli aliyotuandalia, nilipenda sehemu moja tu. Tungepanda Mombasa, baba, mama, yeye na mimi, tukae baharini siku nne. Jioni ya pili ilikuwa ya mavazi rasmi: wanaume suti nyeusi, wanawake magauni marefu. Mwishoni aliongeza kwamba tusijisumbue, hayo ni mambo yaliyopitwa na wakati, asiyetaka anakula ghorofa ya juu na nguo zake za kawaida. Nilijua hapo hapo kwamba tutagombana.

Nilimsomea mama ujumbe huo kwa simu. Mama anaishi Zombe na baba, na sijui mwanamke mwingine huko aliyepika kwenye harusi nyingi kama yeye. Mtu akioa, mama anaitwa. Mtu akifa, anaitwa. Maisha yake yote ya sherehe amekula akiwa amesimama nyuma ya hema, moshi machoni, wageni wakishamaliza. Na yeye mwenyewe hakuwa na harusi. Baba alipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuonyesha kwamba msichana sasa ana mwenyewe, watu wakanywa chai, wakaenda nyumbani.

Mama akauliza, "Kwa hiyo meza, mimi nitaketi na baba yako?"

"Ndiyo, mwaitu." Kwetu mama tunamwita mwaitu, na baba nau.

"Na tutaletewa chakula?"

"Mtaletewa."

"Na yeye akiwa amevaa suti?"

Nikasema ndiyo. Mama yangu si mtu wa kuomba vitu. Nilipomaliza kuongea naye nilikaa na mkasi mkononi nikijua nimeahidi jambo ambalo si langu kuahidi.

Baba ana koti moja la kahawia la kanisani, limepauka mabegani. Suti nyeusi anayo pia, lakini hiyo haikuwa ya kuvaliwa na mtu aliye hai. Ndugu yake mkubwa alipofariki, nguo za kumzikia zilinunuliwa haraka haraka asubuhi ya mazishi. Jeneza lilipofunguliwa watu wapite kumuaga, suruali ilikuwa imeishia juu ya vifundo vya miguu. Nilimwona baba akitazama ile miguu. Mwezi uliofuata alienda Kitui mjini kwa fundi mzee wa suti, akapimwa. Suti ikaja, ikatundikwa kabatini ndani ya nailoni, shati jeupe na tai juu yake. Nyumba nzima ilijua kwamba haiguswi.

Baba ni mzee wa kanisa. Mambo ya ushirikina hataki kuyasikia, na amewahi kumfukuza mganga bomani kwa fimbo. Lakini kuhusu ile suti alikuwa mwoga kabisa. Alituambia waziwazi kwamba mtu akivaa nguo hizo kabla ya siku yake, anaita siku yake. Na mwaka jana alilazwa kwa ajili ya moyo. Daktari alimruhusu kusafiri, akasema asishtuliwe.

Ningeweza kumtafutia suti nyingine. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile, nilikuwa na sare za watoto hadi chini ya meza, na mimi hushona nguo za wanawake na watoto, suti za wanaume siziwezi. Hizo ni sababu ninazojipa. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona mama ameketi karibu na mume aliyevaa vizuri, na suti nzuri kuliko ile hatukuwa nayo. Nilipoenda Zombe kuwafungia mizigo, nilisubiri baba atoke kwenda kuangalia ng'ombe. Nikaitoa kabatini na nailoni yake, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya begi. Niliifanya kama mwizi, na mwizi nilikuwa.

Siku ya pili melini, saa kumi alasiri, mama alikuwa tayari. Nilikuwa nimemshonea gauni refu la rangi ya damu ya mzee, lenye lesi shingoni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mkoba magotini, miguu pamoja, hataki kuegemea asije akalikunja. Chakula kilikuwa saa moja. Ndugu yangu aliingia amevaa jinzi.

Baba alifungua begi kutafuta koti lake la kahawia. Alitoa soksi, akatoa Biblia, akatoa sweta, kisha mkono wake ukagusa nailoni. Akasimama wima.

"Nani ametoa hii kitu kwa kabati?" aliuliza.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe."

"Ni mimi, nau. Ni ya leo tu. Mwaitu alitaka..."

"Mnaharakisha nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Mmechoka na mimi?"

Ndugu yangu akaingilia, na namna anavyoongea siku hizi ilizidi kunichoma. "Kwani ni lazima? Hizi vitu za formal night ni za wazungu wa zamani. Twende juu tukule buffet, hakuna mtu atatuuliza. Unamsumbua mzee na presha yake juu ya nguo, kweli?"

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Umekuja kula na mama yako ukiwa umevaa kama mtu wa kuosha gari."

"Na wewe umemletea babako nguo za kaburi!"

Ikawa imesemwa. Baba aliketi kwenye kiti, akaweka kiganja kifuani, na mimi nikasahau kabisa magauni na meza. Nilimuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia tutaenda juu sote, avae koti lake, yaishe.

Mama ndiye aliyesimama. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka mkoba kitandani, akapeleka mikono nyuma ya shingo, akaanza kutafuta zipu ya gauni.

"Basi nibadilishe," akasema. "Huko juu hata leso inatosha."

Alihangaika na ile zipu, vidole vyake vimezoea mwiko, haviwezi vitu vidogo. Nilitaka kumsaidia na sikuweza kusogea. Baba alimtazama. Akamtazama jinsi anavyojaribu kuvua lile gauni bila kulichana, polepole, kama kitu cha kuazima.

"Wacha," baba akamwambia.

Mama akaacha.

"Tokeni nje nivae," akatuambia sisi wawili.

Tulisimama kwenye ujia mwembamba nje ya mlango. Ndugu yangu alikwenda chumbani kwake, akarudi amevaa suruali nyeusi na shati la mikono mirefu. Sikumsifu. Baba alitoka ameshikwa mkono na mama. Suti ilimkaa kana kwamba fundi alikuwa amempima jana, lakini uso wake ulikuwa wa majivu na alitembea akiangalia sakafu. Nilitembea nyuma yake nikihesabu pumzi zake.

Mlangoni tulikaribishwa vizuri. Mama alivutiwa kiti, akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine anayevutiwa, akaona ni yeye. Akaketi. Kijana wa kuhudumu akamtandikia kitambaa mapajani na mama akasema asante mara tatu. Hapo nikapumua.

Kisha nikaangalia ukumbi. Wapo waliovaa, hasa wazee: suti, tai za kipepeo, wanawake wenye shanga. Lakini nusu nzima walikuwa na mashati ya gofu. Meza ya pili kutoka yetu ilikaliwa na vijana wawili wenye jinzi, na kwenye ngazi aliingia mwanamume mnene mwenye kaptura na malapa. Nilisubiri arudishwe. Alipewa tabasamu na kiti. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kumwendea nimwambie kuna mtu hapa amevaa nguo za kuzikwa kwa ajili ya jioni hii, na wewe umekuja na vidole vya miguu.

Baba alikuwa ameyafuata macho yangu. Aliyaona malapa. Akaangalia mikono yake ndani ya ile mikono mirefu myeusi ya koti, kisha akaniinamia.

"Kumbe haikuwa lazima?"

Sikuwa na uongo wa kumpa. "Haikuwa lazima, nau."

Ndugu yangu akainamisha kichwa. Angeweza kusema, 'si nilisema?' Namshukuru kwamba hakusema. Nilimngoja baba asukume kiti aondoke, na angeondoka, nisingemlaumu. Lakini mama wakati huo alikuwa anaongea. Hakuwa ameona malapa wala jinzi. Nadhani hakuwa ameona mtu yeyote. Alikuwa ameishika tai ya baba kwa vidole viwili, anamwambia fundi wa Kitui alikuwa mtu wa maana, ona alivyoshona, na wewe umekaa ukificha. Baba alibaki kitini. Walikula wote wawili, samaki kwanza halafu nyama, na kila sahani ilipoondolewa mama alikunja mikono asije akaiinua mwenyewe.

Nililala vibaya. Kila nilipofumba macho niliona ule uso wa majivu.

Asubuhi nilienda kugonga mlango wao. Kimya. Nikagonga tena, nikaita mwaitu, nikaita nau, nikapiga kwa kiganja. Hakuna kitu. Mimi ambaye sijawahi kuamini maneno yale ya baba, niliyaamini yote papo hapo, nikiwa nimesimama pale na kanga kiunoni. Nikamwamsha ndugu yangu. Tukatafuta mhudumu mwenye funguo, akafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kwenye kabati hapakuwa na suti.

Tulipanda ngazi tukikimbia. Walikuwa ghorofa ya juu, dirishani, wanakunywa chai. Watu wote pale walikuwa na kaptura na taulo za kuogelea. Baba alikuwa amevaa suti yake, tai na yote, na alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Tone moja lilikuwa limeangukia kwenye ukosi.

Nilimkaripia. Nilimkaripia baba yangu mbele za watu, huku nalia, nikamwambia tumegonga, tumegonga, kwa nini hamkutuambia, na hiyo suti unaichafua kwa nini.

Aliniacha nimalize. Kisha akanivutia kiti.

"Keti ukunywe chai," akasema. "Na ukifika nyumbani, nenda kwa yule fundi wa Kitui. Mwambie anishonee ingine ya kuweka. Hii nimeanza kuvaa."