Alhamisi za Zunilda

Zunilda Rotela alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na hospitali aliyoitaka ilikuwa moja tu: ile ya mkoa wao, safari fupi ya basi kutoka Potrero Alto alikozaliwa. Wenzake walituma maombi Asunción, mji mkuu wa nchi yao, na Encarnación, na wengine hata ng'ambo ya mto, Argentina. Yeye alituma mahali pamoja. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia bibi yake amezeeka na hana wa kumtazama. Hilo lilikuwa kweli, ila sababu yenyewe ilikuwa mama yake, aliyekuwa Málaga, Hispania, akimwogesha na kumlisha kikongwe wa watu.

Mama yake, Ña Crescencia, yaani Bi Crescencia, aliondoka wakati Zunilda anaota meno ya mbele ya ukubwani. Alisema atarudi binti akimaliza shule ya msingi. Baadaye ikawa akimaliza sekondari, kisha akishaingia chuo. Mara ya mwisho alisema, "Ukipata kazi hospitali, mwanangu, narudi. Siku hiyohiyo natafuta tiketi." Neno hilo Zunilda alilishika.

Kila jioni mama alimtumia ujumbe wa sauti. Zunilda aliusikiliza mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, na mara ya pili kwa ajili ya nyumba. Alijua mlango upi unalia ukifunguliwa, na kijiko kinavyogonga kikombe cha yule kikongwe. Aliijua sauti ya kikongwe mwenyewe akiita, "Cres, Cres," na ya mama akiitika mara moja, kwa upole. Hapo ndipo Zunilda alipozima simu.

Maombi aliyapeleka mwanzoni mwa kipupwe. Wiki chache baadaye, Alhamisi moja, siku ambayo chuo kilikuwa hakina vipindi vya mchana, alikwenda kuulizia. Ofisi ya ajira ilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya maabara. Ndani alikuwamo Ña Obdulia, karani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, pamoja na Don Tranquilino, dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuja kupumzisha miguu. Walikuwa wanajiandaa kunywa terere, chai ya majani inayotiwa maji ya barafu. Majani yalikuwa tayari kwenye pembe ya ng'ombe iliyokuwa kikombe chao, na bomba la kunyonyea limechomekwa, ila maji ya jagi yalikuwa vuguvugu.

Zunilda alisimama mlangoni akingoja aulizwe shida yake.

"Wewe binti," alisema Ña Obdulia, "mbona umesimama kama mkaguzi? Kimbia kantini utuletee barafu."

Akakimbia, akaleta. Na kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote chumbani, jagi likawa lake bila mtu kusema neno. Alimimina, akapokea pembe, akamimina tena, huyu kisha yule, kisha zamu yake mwenyewe. Walizungumzia bei ya nyama na mkwe wa Don Tranquilino. Pembe ilipozunguka mara ya mwisho saa za kazi zilikuwa zimekwisha.

Alhamisi iliyofuata alifika na barafu mkononi, na majani ya mnanaa aliyochuma kwa bibi yake. Wakampa jina papo hapo: Barafu.

"Mimina vizuri, Barafu," Don Tranquilino alikuwa akisema. "Unanipa maji kama unamwagilia vitunguu."

"Mwache mtoto," alikuwa akijibu Ña Obdulia. "Wewe ni kitunguu, nani alikwambia si kitunguu?"

Kuuliza, hakuuliza. Mwanzoni alikuwa anatafuta nafasi katikati ya maneno yao, asiipate. Baadaye alianza kuona aibu: akiuliza sasa, barafu yote ile itaonekana hongo. Mwishowe alijituliza kwamba hakuna haja. Wanamwona kila wiki, barua yake iko mezani kwao, siku jibu likitoka watampa wenyewe.

"Hospitali wamesemaje?" mama alikuwa akiuliza.

"Bado, Mama. Lakini naonekana kila wiki."

"Vizuri. Uonekane."

Kipupwe kikaisha, joto likaanza kupanda. Alhamisi moja ya Oktoba mlango ulisukumwa, akaingia Fidelina Cantero, mwanafunzi mwenzake, kapu la vitabu begani na jasho usoni.

"Za mchana. Naitwa Fidelina Cantero, nimekuja kuulizia maombi yangu ya kazi."

Ña Obdulia hakutoa hata bomba mdomoni. "Hukuleta cheti cha afya."

"Nikileta kesho?"

"Ukileta, daktari atakufanyia usaili Jumatatu."

"Asante, mama. Zuni, na wewe uko hapa? Haya, baadaye." Akatoka. Hakuwa amekaa.

Zunilda alibaki na jagi mkononi, maji yakafurika juu ya pembe na kumwagikia kiatu cha Don Tranquilino.

"Sasa unaniogesha," alisema dereva.

"Ña Obdulia," alisema Zunilda, "na mimi nilileta maombi."

"Maombi ya nini, Barafu?"

"Ya kazi. Zunilda Rotela, wa Potrero Alto."

Ña Obdulia aliweka pembe chini polepole. Alimtazama Zunilda, akamtazama Don Tranquilino, akarudi kwa Zunilda.

"Rotela ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mwanangu, huyo Rotela tumemtafuta kipupwe chote. Daktari wa watoto wachanga aliona alama zake akasema, nileteeni huyu. Nikapiga simu. Akapokea mwanamume, akaniambia yeye ni fundi matairi, hajui kufunga hata kidonda."

"Simu yangu iliibiwa. Nikabadili namba."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa," alirudia Ña Obdulia, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Mimi nilidhani wewe ni mpwa wa Tranquilino."

"Na mimi nilidhani ni wa kwako," alisema Don Tranquilino. "Ndiyo maana nilikuwa navumilia anavyomimina."

Nafasi ya wodi ya watoto wachanga ilikuwa imekwenda kwa msichana wa mji wa Oviedo, humuhumu nchini, tangu Agosti. Ña Obdulia alitoka, akakaa sana kwa daktari, akarudi akijipepea. Kilichobaki kilikuwa kazi ya miezi mitatu kuanzia Desemba, kumshikia zamu muuguzi anayekwenda kujifungua.

"Baada ya hapo?" aliuliza Zunilda.

"Baada ya hapo mwenye nafasi anarudi kwenye nafasi yake. Sikudanganyi."

"Naichukua."

Alitoka akakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, karibu na mama muuza chipa aliyekuwa anapanga mikate yake hiyo ya jibini chini ya kitambaa. Akampigia simu mama yake. Aliwaza kwamba angeweza kusema, nimepata kazi hospitali, akakomea hapo. Yangekuwa maneno yaleyale aliyotakiwa ayalete.

"Mama, nimepata miezi mitatu," alisema. "Namshikia mtu."

Kule Málaga kijiko kikagonga kikombe. Kisha, "Si haba, mwanangu. Ni mwanzo. Wakishakuajiri kabisa, halafu..."

"Mama."

"Naam."

"Unarudi?"

"Si ndiyo nakwambia, wakishakuajiri..."

"Sikuulizi kuhusu kazi. Nakuuliza wewe. Unarudi?"

Zunilda alisikia kikongwe akiita, "Cres." Mama hakuitika. Kikongwe akaita tena.

"Hujawahi kuniuliza," alisema mama.

"Nilidhani unajua kwamba nakungoja."

"Nilidhani unangoja fedha." Alivuta pumzi. "Nakwambia ukweli, Zuni, naogopa. Naogopa nitashuka kwenye ndege nimpite binti mmoja pale, nimwombe hata anipishe, kumbe ndiye wewe."

Zunilda alifumba macho. Alitaka kusema mengi, lakini alijua yakishasemwa watalia, wakishalia simu itakatwa, na kesho wataanza tena na hospitali.

"Utanitambua tu, nitakuja kukupokea na bibi," alisema. "Waajiri wako utawaambia lini kwamba unarudi?"

"Nitatafuta wakati mzuri."

"Lini, Mama?"

"Mwana wa huyu kikongwe anakuja kula Jumapili."

"Basi Jumapili akishakula nitapiga kuulizia."

"Unanisukuma, Zunilda."

"Ndiyo. Usipopata nafasi ya kumwambia, nitapiga Jumatatu. Na Jumanne."

Mama alicheka kidogo, cheko lililokuwa karibu na kilio. Kisha zikasikika nyayo, na ule mlango unaolia, na sauti yake ikiwa mbali na simu ikimwambia kikongwe, "Ngoja kidogo, señora. Naongea na binti yangu."